Harusi Tuliyoialika kwa Miguu

Enzi zetu harusi haikualikwa ila kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa yetu sisi watoto. Nakumbuka alipoolewa dada yangu Zuhura, mama alitutoa mjini, mtaa wetu wa Malindi, alfajiri, mimi na binamu yangu Saida, akatupakia gari la shamba hadi Mwera. Kazi yetu kushuka bonde la mto na kuwaalika jamaa wa baba, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa shangazi Bi Mize, mwisho kabisa wa bonde.

Sasa Bi Mize alikuwa kanuna. Harusi iliyotangulia mwaliko wake aliletewa na muuza mboga, akaapa hakanyagi tena kwetu. Na bibi harusi asiye na shangazi yake siku ile, mji ungemsema mpaka leo.

"Kila nyumba mwonje," mama alituusia. "Mkitoka pahala hamjaonja, hesabuni hamjaalika."

Wallahi tulionja! Njia ilifuata mto, matope ya mpunga yanatufika magotini, ruba wanene kama vidole vya baba. Kila kijiji hodi, shikamoo, marahaba, na sahani. Shelisheli la nazi, mkate wa kumimina, ndizi mbichi kwa papa mkavu. Kufika nyumba ya tisa, mimi mto nauvuka kwa kuelea.

Ndipo tukafika kwa Bi Mize. Tukasema tulichotumwa. Akatuwekea sinia la muhogo wa nazi, pana kama mlango wa jumba la mjini.

"Tushashiba, shangazi," Saida akaropoka.

"Ala! Kote huko mmekula, kwangu mmekuja kunusa? Haya, mwambieni mama yenu nshasikia."

Saida akaangua kilio. Mimi nikalegeza kanga kiunoni, nikapiga bismillahi, nikaingia vitani. Tonge baada ya tonge, jasho linanitiririka, shangazi kashika kiuno ananitazama. Nilipokomba tui la mwisho, akapasua kigelegele kilichowarusha kunguru wa bonde zima.

"Hii ndiyo damu ya kaka yangu! Nnakuja, na bonde lote nnakuja nalo!"

Akaja kweli, ngoma mbele, na pilau ikashindwa kutosha.

Juzi binti yangu kaalika watu mia tatu kwa simu, asubuhi moja, hata kitandani hajaondoka. Wote wamemjibu kwa picha ya kidole gumba. Namwonea huruma: hakuna hata mmoja aliyemnunia, wala aliyemlazimisha kula.