Udongo wa Kuponya Vidonda, Kataboi

Jamani, kazi ya ukalimani leo imenishinda!

Nimemtoa mtafiti wa Nairobi kutoka Lodwar mpaka Kataboi, jua la kupasua kichwa, kutafuta dawa mpya ya kuua bakteria kwenye udongo ambao watu wetu hupaka kwenye vidonda.

Mama mganga katupokea vizuri. Mtafiti kajaza chupa zake, anatabasamu.

Mdomo wangu nao ukauliza kwa lugha yetu, "Mama, watu hupona kweli?"

"Sana, mwanangu! Tena tangu nianze kunyunyizia hapa unga wa zile dawa za rangi mbili za dukani, wanapona haraka."

Yaani tumevuka jangwa kufuata antibayotiki za dukani!

Mtafiti ananitazama, anangoja nitafsiri.

Mama akaongeza, "Mwambie akirudi aniletee zingine. Udongo umeanza kuishiwa nguvu."

Haya, mngekuwa nyinyi mngemtafsiria?