Mafuta ya Baba kwenye Ngozi Yangu

Nilipokuwa msichana mdogo, ngozi yangu haikuwa yangu peke yangu. Asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, Koko, mama yake baba, alinisimamisha mlangoni akanipaka mafuta ya kokwa za mchikichi. Aliyachemsha pamoja na sinda, yale majani yanayonukia kama limau, na unga mwekundu wa mti wa ngola. Kiangazi miguu yetu ilipauka kama iliyopitishwa kwenye majivu, na mafuta yale yalituliza hata mwasho wa nyuma ya magoti. Lakini kwetu yalikuwa na kazi nyingine.

Baba alikuwa mvuvi wa Wagenia, watu wa mtoni. Alipanda juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maporomoko ya mto, akafunga na kufungua mitego mikubwa, maji yakinguruma chini yake. Mtu wa kazi ile hajipaki mafuta: kiganja kikiteleza, amekwenda. Basi nyumbani kwetu mtoto alipakwa kwa niaba yake. Na aliyekaa mkavu, amepauka, alikuwa kama mfiwa, maana wafiwa ndio wasiojipaka.

"Usioge mpaka papa yako arudi," Koko alizoea kusema. "Maji inaangalia nani iko na watu."

Siku moja masere, mtawa aliyetufundisha, aliona wekundu kwenye kola yangu. Alinipeleka bombani, akanisugua kwa sabuni mbele ya darasa zima, ati ananifundisha usafi. Hadi leo hasira hainitoki. Nilikuwa msafi. Tena nilinukia kuliko yeye.

Nilirudi nyumbani nimepauka hadi viwiko. Koko, aliyekuwa akitwanga majani ya pondu, aliacha mchi ndani ya kinu.

"Mutoto, unamulilia nani?"

"Silii, Koko."

"Ngozi yako njo inalia. Na papa yako iko bado juu ya miti."

Alikimbilia chungu cha mafuta. Alikuwa amemaliza mguu wangu wa kushoto tu tuliposikia kelele kutoka mtoni. Baba alikuwa ameanguka. Maji yalimtupa ndani ya mtego wake mwenyewe, na wenzake wakamvuta humo kama samaki: yu hai, mgongo umechubuka, goti la kulia limevunjika.

Shangazi hakuchelewa. "Hii mutoto njo amemuangusha. Amemuosha papa yake."

Koko hakuinua sauti.

"Mutoto hakujiosha. Ameoshwa. Kama unatafuta mwenye kosa, enda ku bomba." Kisha akauonyesha mguu wangu unaong'aa. "Na hii mguu ilikuwa imepakwa. Njo maana mutego ilimupokea."

Baba alifumbua macho pale mkekani walipomlaza. "Bon. Basi mupake na ile ingine. Mimi niko na magoti mbili."

Hata shangazi alicheka.

Leo niko chuo kikuu, na kubishana katika midahalo ya ukumbini ndiyo raha yangu. Kuna wavulana wanaosema imani hizi ndizo zinazoturudisha nyuma. Nawajibu kwamba mti uliolowa huteleza, na hilo baba alilijua kabla wao hawajafungua kitabu cha fizikia. Koko naye alilijua. Kisha nawauliza: nani kati yenu, akiwa mahali penye utelezi, ana hakika kwamba nyumbani kuna ngozi inayomngoja?

Goti la baba halikupona vizuri, na hapandi tena. Viganja vyake, vilivyokaa vikavu miaka yote ile, sasa vinapakwa. Asubuhi ya mdahalo nikipita kumuaga, nyumba nzima inanukia sinda, naye ameketi kizingitini akijisugua viwiko polepole, bila kusahau hata kimoja.

"Enda, mama," ananiambia. "Leo wewe njo uko juu ya miti."

Na haogi mpaka nirudi.