Ulimi wa Fundi wa Sabuni

Baba amepika sabuni miaka ishirini na tisa, na kiwandani hakuna anayemwita kwa jina; wote humwita Ulimi. Huchota sabuni ya moto tangini, akaipoza, akaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, magadi bado makali. Isipomchoma, imeiva. Mimi bintiye nakaa maabara, chumba chenye meza moja na kiburi kingi, natia tone la dawa. Sabuni ikigeuka waridi, bado. Yaani mimi naijua kwa rangi, yeye kwa kuumia. Tukitofautiana, desturi ni neno lake, na mzee yule hakukosea hata siku moja. Alinicheka mbele za watu: "Msomi, dawa yako imelala!"

Siku ya tano baada ya kumzika mama, alirudi kazini. Hakuwa amelia, wala mimi. Sikuhisi chochote, nasema kweli.

Akaonja. "Imeiva."

Dawa yangu ilikuwa waridi. Nikarudia mara tatu, waridi ileile.

"Baba, hebu onja tena."

Akaonja. "Imeiva, mwanangu. Andika."

Ilikuwa sabuni ya kuogeshea watoto wachanga. Nikiandika neno lake, itawababua. Nikiandika langu, ndiyo basi tena. Msimamizi hatamwacha tangini fundi asiyeitambua sabuni mbichi.

Nikamwomba atoe ulimi. Ncha ilikuwa nyeupe, imechubuka, inatoka damu.

"Haikuumi?"

"Kwani nimeungua?" Akajigusa, akaitazama damu kidoleni bila kushtuka.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kifo cha mama yako daktari kaniambia. Cheti nimekisoma. Udongo nimeutupia mwenyewe. Najua. Ila huu mwili hauna habari. Leo alfajiri nimenyoosha mkono nimfunike shuka." Akajigusa tena ncha ya ulimi. "Kumbe na huku hauna habari."

Kwenye kadi ya tangi huandikwa moja kati ya maneno mawili, imeiva au bado. Baba alichukua kalamu akaandika: sijui. Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka.

Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Dawa yako inasemaje?"

"Bado, baba."

"Haya. Tufuate hiyo."

Hapo ndipo nilipolia.