Keringet Imetutoka

Keti hapa karibu nami, na usiogope maneno ya kompyuta. Nitakueleza polepole, na ukikwama utarudi nyuma kidogo usome tena, hakuna anayekukimbiza. Wazia kabati la chuma, refu kuliko mtu. Kwenye rafu zake zimelala seva, yaani kompyuta bapa kama trei za mikate, moja juu ya nyingine. Hazina skrini wala kibodi. Katikati ya kabati kuna droo moja. Ukiivuta, kioo kinainuka, na chini yake kuna kibodi na kipanya. Nyuma ya droo kuna swichi, na nyaya za kila seva zinaingia humo. Unagusa kitufe, orodha ya seva inatokea kwenye kioo, unashuka kwa mshale mpaka kwenye jina unalolitaka, na kutoka hapo kibodi ile inasema na mashine hiyo peke yake. Zile zingine zinaendelea na kazi zao kama hazikujui. Ukielewa hapo, umeelewa kazi iliyonilisha miaka mingi.

Chumba chetu kilikuwa Nakuru, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya trekta. Mwenye duka, mzee Mhindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, ndiye aliyekuwa mwenye seva pia. Alianza na kompyuta za duka lake, kisha wenye maduka ya mbegu, viwanda vidogo vya maziwa na shule wakamwomba awatunzie kumbukumbu zao. Tuliozilea mashine hizo tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu aliyenitangulia kazini. Siku yangu ya kwanza alinipa kiti chake, akasimama nyuma yangu.

"Bonyeza, dada," akaniambia. "Ukiharibu nitatengeneza. Usipobonyeza, nitajuaje unaogopa nini?"

Alipoajiriwa yeye, seva zilikuwa na namba tu. Namba hizo aliziondoa. Alisema namba haina sura. Mtu akichoka huona sita akadhani ni tisa, akazima mashine ya shule badala ya ile ya maziwa. Lakini mahali unapopajua hupachanganyi na pengine. Basi kwenye orodha ya swichi akaandika majina ya kwetu. Seva ya barua pepe akaiita Salgaa, kama kile kituo cha malori cha barabara kuu, kwa kuwa kila kitu kinapita pale na hakuna kinachobaki ila lori lililoharibika. Seva ya maziwa ikawa Ndabibi, kwa ajili yangu, maana ndiko nilikozaliwa. Na ile kuukuu kuliko zote, iliyobeba hesabu za maduka ya mbegu, akaipa jina la kwao, Keringet, ambako wazazi wake walilima viazi na pareto.

"Keringet imeanguka," nilikuwa nikimwambia.

"Tena?"

"Tena."

"Hiyo ni njaa. Mathe hajaipa viazi."

"Basi mpigie umwambie."

"Nimpigie? Atauliza kwanza wewe unaolewa lini, ndio aulize mashine ni nini."

Mama yake nilimjua. Alikuja mjini mara moja kutibiwa kifua, akatuletea gunia la viazi mpaka juu. Alipoingia chumba cha seva na kupigwa na ile baridi ya mitambo, alijifunga shali vizuri, akazitazama zile mashine zilivyolala kwenye rafu.

"Mbona mnaziweka kwa baridi kama maiti?" akauliza.

"Zikipata joto zinakufa, mama," nikamjibu.

"Basi mimi ni kinyume chao," akasema, akakohoa, akacheka, akatoka kuota jua kwenye ngazi.

Mwaka huo, 2007, mwenzangu alibuni jambo jingine. Alichukua simu kuukuu ya ofisi, akaiunganisha kwa waya na seva moja, akaifundisha kututumia ujumbe kila mashine inapozimika. Angeweza kuandika tu "seva haijibu." Lakini alikuwa mtu wa utani, akaandika kama matangazo ya vifo ya redioni. SALGAA IMETUTOKA. NDABIBI IMETUTOKA. Ikiwaka tena: IMEFUFUKA. Mzee mwenye duka naye alikuwa kwenye orodha ya namba za kuarifiwa, na ujumbe wa kwanza ulipomfikia alipanda ngazi akihema.

"Nani amekufa? Mtu gani amekufa?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye pia alicheka, baada ya kupata pumzi.

Karibu na mwisho wa mwaka mwenzangu alinunua simu mpya na laini mpya. Ile ya zamani alimpelekea mama yake Keringet pamoja na laini yake, kwa sababu ndugu wote walikuwa wanaijua namba hiyo tayari, na mama hangekuwa na kazi ya kuwatangazia nyingine.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake yale yaliyokuja. Sitakusimulia moshi na mapanga; kama ulikuwepo unayajua, na kama hukuwepo, jua tu kwamba majina ya kwenye orodha yetu yalianza kusomwa kwenye habari. Nilivuta droo, orodha ikatokea, na nikajikuta nimeyatazama majina yale kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote. Neno "imeanguka" tukaliacha, na yale majina pia. Tulisema "ile ya mbegu", "ile ya maziwa".

Mwenzangu aliishi pembeni mwa mji na hakuweza kupita. Mimi nilikaa mtaa wa pili kutoka ofisini. Kwa hiyo mimi nilikaa mbele ya droo, naye alikuwa kwenye simu, tukisema kwa kifupi, maana kadi za simu zilikuwa zimeadimika madukani. Hakuwa amewapata wazazi wake tangu fujo zianze. Halafu asubuhi moja alinipigia na sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Daktari," alisema, ndivyo alivyoniita kwa kuwa nilizifufua mashine. "Mathe ametoka. Lori la mboga limemfikisha Salgaa."

"Na mzee wako?"

"Amekataa kuacha ng'ombe. Amebaki peke yake. Lakini mathe ako kwa mama mmoja wa hoteli hapo kando ya barabara, amelazwa vizuri. Kesho magari yanasindikizwa na polisi kuja Nakuru. Nitamngoja stendi."

"Kifua kinasemaje?"

"Anakohoa, lakini anaagiza. Amesema akute uji."

Mchana huo stima ilipotea. Jenereta ikawaka, na mzee mwenye duka akapanda ngazi polepole.

"Mama, dizeli iko ya leo tu, na mwenye petroli anasema kesho hajui," akaniambia. "Ile mashine ya mbegu, maduka yake yote imefungwa. Inakula bure. Wewe zima."

Nilimpigia mwenzangu.

"Zima, daktari. Ni mashine."

Nikavuta droo. Nikashuka kwenye orodha mpaka Keringet, nikaipa amri ya kufunga kazi zake kwa utaratibu, nikangoja mpaka taa yake ya mbele ikazimika. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nilijua inasema nini, nikaufuta ujumbe bila kuusoma.

Kesho yake magari yakafika na mama hakuwemo. Mwenzangu alisimama stendi mpaka wauzaji wakafunga. Namba ya mama haikupatikana. Tulijipa moyo kwamba betri imekwisha, kwamba amelala, kwamba atakuja na msafara unaofuata. Msafara uliofuata haukuwa naye pia.

Aliyefika alikuwa baba. Alikuja kwa trekta ya jirani kupitia upande wa Njoro, bila ng'ombe hata mmoja, akatafuta duka la vipuri kwa kuwa ndilo alilolijua. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama yao amefika?" akaniuliza.

Mwenzangu alipanda gari la kwanza lililosindikizwa kurudi Salgaa. Mama wa hoteli alimkumbuka vizuri. Alimwambia kwamba mchana ule ujumbe uliingia kwenye simu ya mgeni wake, akamsomea yeye mwenyewe, kwa kuwa mgeni hakuwa na miwani na jumbe zilizotangulia hakuwahi kuzisoma. Keringet imetutoka. Na kwa mgeni yule, aliyebaki Keringet alikuwa mtu mmoja tu. Hakutaka kumwambia mwanawe, asije akajitia barabarani. Halafu akaiflash namba iliyotuma, akipiga na kukata upesi, kwa kuwa hakuwa na salio la kupiga, angoje huyo mtu ampigie amweleze. Akaflash tena na tena. Jioni akafunga shali yake, akasema, "Nikamzike mtu wangu," akapanda lori lililokuwa likirudi juu, upande wa Molo, njia ya Keringet.

Mwenzangu alinipigia akiwa bado mbele ya hoteli.

"Daktari, fungua ile orodha ya namba za kuarifiwa. Nisomee."

Nikasoma yangu. Nikasoma ya mzee. Nikasoma yake mpya. Chini yake kulikuwa na nyingine.

"Rudia hiyo ya mwisho."

Nikarudia. Alipoandika namba yake mpya hakuwa ameitoa ya zamani. Nikasikia malori yakipita nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Niliinuka nikaenda pale ile simu ya ofisi ilipokuwa imelazwa juu ya kabati, kwenye kelele za feni, ambako hakuna mtu angeisikia ikilia. Kioo chake kilikuwa kimejaa simu ambazo hazikupokewa. Zote kutoka namba moja. Alikuwa ameiflash mashine, akangoja impigie.

Walimkuta Molo, kwenye uwanja wa kanisa, amelala kwenye turubai pamoja na akina mama wengine, homa ya mapafu imemshika. Baba alipiga magoti kando yake. Mwenzangu alinieleza maneno yao, na sijaweza kuyasahau.

"Kumbe upo," mama alisema.

"Nipo. Nani alikwambia sipo?"

"Simu."

Walimleta hospitalini Nakuru, na hakumaliza wiki. Kumpeleka Keringet hakukuwezekana, kwa hiyo alizikwa mjini, kati ya watu asiowajua. Mzee mwenye duka alitoa pikapu yake kubeba jeneza, akaitia dizeli iliyokuwa imebaki ya jenereta. Niliichomoa kwanza ile simu ya ofisi, kisha nikazizima seva zote, moja baada ya nyingine.

Maduka yalipofunguliwa, mwenzangu alirudi kazini. Hakunilaumu hata mara moja. Alivuta droo, akafungua orodha, akafuta jina moja baada ya jingine, akaandika namba.

"Mimi ndiye niliyeandika ule utani," akasema bila kugeuka.

Nilimwambia kwamba mama yake alitolewa kitandani kwake na waliochoma nyumba, si na utani. Nilimwambia kwamba mtu anayempa mama yake simu hamtakii mabaya. Aliitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia mgeni. Kabla ya mwaka kwisha alimchukua baba yake wakahama, na kiti chake nikabaki nacho mimi.

Tangu hapo nimefundisha wengi kuvuta droo na kusoma orodha. Wengine huja wakiogopa kama nilivyoogopa, na wote hujifunza, nawe utaweza. Ila kuna kazi moja ninayowapa kabla ya zote, na ninakupa wewe pia. Leo, kabla hujafunga ofisi, fungua orodha ya namba zinazopokea arifa za mashine zako. Ipigie kila namba. Ngoja ipokewe, na uulize ni nani anayeishika sasa. Akiwa si yule uliyemkusudia, msalimie, umwombe radhi kwa usumbufu, kisha ufute namba hiyo kabla hujasimama.