Fundi aliyefuta majina ya wenyewe

Saa tatu asubuhi, mlango wa duka ukiwa umefunguliwa nusu, Sindano anafuta kazi ya mikono yake mwenyewe. Anachukua kidude cha michezo kutoka kwenye boksi, anakiunganisha kwa waya na kompyuta, anabonyeza mara mbili, anasubiri. Kioo kidogo kinakuwa cheusi. Anaibandua kwa kucha stika ya njano ya duka lake iliyo mgongoni, anaitupa kwenye ndoo, kisha anachukua kingine.

Mteja wa kwanza ni nesi aliyetoka zamu. Amekuja kuchukua kidude alichoombwa akirudishe wiki iliyopita.

“Kwa hiyo unanirudishia kikiwa kitupu?” anauliza.

“Si kitupu, dada. Nimekuwekea gemu mbili ambazo wenyewe wameruhusu.”

“Hizo sizitaki. Mimi nataka ile ya taa.”

“Ya taa haipo tena. Haikuwa yangu.”

Nesi anamkazia macho. “Haikuwa yako vipi? Si jina lako ndilo lilikuwa pale mbele, linazungukwa na nyota?”

Sindano anajifanya anatafuta bisibisi ambayo iko mkononi mwake.

Jina la Sindano alipewa mtaani kwa sababu ya ncha ya chombo chake cha kulehemu, nyembamba kuliko za mafundi wote wa jirani. Wapo wanaosema linatokana na ulimi wake, na baada ya kukaa naye siku mbili mwandishi huyu hana ubishi nao. Ana miaka arobaini na moja, ni mke wa fundi seremala na mama wa watoto wawili. Duka lake ni chumba kimoja chenye meza, rafu tatu na feni inayopuliza upande mmoja tu.

Alianza kwa kutengeneza simu. Baadaye vilianza kuingia vidude vya michezo vya mkononi vilivyokwisha kutumika kwingine, vikiwa na vitufe vilivyolegea na betri zilizovimba. Sindano alivifufua akaviuza. Wateja wakaanza kumuuliza kama anaweza kuwawekea michezo ya zamani, ile waliyoicheza utotoni kwenye kompyuta kubwa za mezani.

Mmoja uliombwa kuliko yote. Uliitwa Mwasha Taa, na ulitengenezwa na kampuni ndogo iliyofungwa miaka mingi iliyopita. Mchezaji ni mzee mwenye ngazi anayepita mtaa hadi mtaa akiwasha taa kabla giza halijaingia. Hakuna bunduki wala anayekufa. Lakini watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakiuzungumzia kama mtu anavyozungumzia nyumba aliyokulia.

“Hata mimi niliucheza kwa binamu yangu, tukigombea kiti,” anasema Sindano. “Nikasema, hii gemu lazima iingie kwenye kidude.”

Ilimchukua miezi minane ya Jumapili. Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa hauingii tu kwenye kifaa cha kiganjani, inabidi maagizo yake yaandikwe upya, picha zipunguzwe, sauti zibanwe. Sindano anaifananisha kazi hiyo na kuhama kutoka nyumba ya vyumba vinne kwenda chumba kimoja, ambapo ni lazima kuna kitu kitabaki nje.

Cha kwanza kubaki nje kilikuwa ukurasa wa mwanzo, wenye picha kubwa na majina ya waliotengeneza mchezo.

“Nilijiuliza, majina nani anayasoma? Kila mtu anabonyeza kitufe aruke. Nikayatoa.”

Cha pili kilikuwa sauti moja ya mwanamke pale mwishoni. Ilikuwa nzito kwa kumbukumbu ndogo ya kidude. Aliitoa akaweka mlio mfupi wa filimbi.

Kisha akafanya kile ambacho mafundi wote wa kazi hiyo hufanya. Aliweka chapa yake pale mbele, jina lake likizungukwa na nyota, na kamuziki kidogo, ili fundi mwingine asije akadai kwamba kazi ni yake.

Vidude vilikwenda kama maandazi ya asubuhi. Kwa hesabu yake ya kukadiria aliuza zaidi ya mia tatu, na karibu nusu ya kipato cha duka ikawa inatokana na mchezo huo.

Je, alijua kwamba alihitaji leseni?

“Nilijua,” anasema. “Si vizuri nikudanganye. Nilijua kuna kitu kinaitwa haki ya mwenye kazi. Ila nilijiambia kampuni imekufa, nani atakuja kuniuliza?”

Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine anayeitwa Chaja. Siku moja Chaja alinunua kidude kwa Sindano, akanakili mchezo, akafuta chapa ya Sindano na kuweka yake. Sindano alipogundua, alivuka barabara bila kuangalia magari.

“Aliniita mwizi mbele ya wateja wangu,” anasimulia Chaja. “Mwizi wa jasho la watu. Aliuliza kama mama yangu anajua ninachokifanya. Nikashindwa hata kujitetea, maana alikuwa analia kweli kweli.”

Sindano anapokumbushwa kisa hicho anaweka viganja usoni na kubaki hivyo.

Kulikuwa na jambo moja dogo lililokuwa likiwasumbua wateja. Wengi walifika mtaa wa mwisho, wakawasha taa zote, na mchezo haukuisha. Walikuja dukani kuuliza. Sindano aliwacheka, akawaonyesha kwamba imebaki taa moja nyuma kabisa, mlangoni kwa mwasha taa mwenyewe. “Nilijiona mjuzi,” anasema. “Watu wamekwama, mimi ndiye ninayewakwamua. Sikujiuliza kwa nini zamani hatukuwa tunakwama.”

Jibu lilimfuata dukani alasiri moja, likiwa limevaa koti lililochakaa viwiko. Alikuwa mzee mrefu, mkono mmoja nyuma ya sikio ili asikie vizuri. Alikuwa na kidude alichonunuliwa na binti yake.

“Binti, kidude chako kibovu,” alisema. “Hakina sauti pale mwisho.”

“Shikamoo, Mzee. Si kibovu. Gemu yenyewe haina sauti pale.”

“Marahaba. Ina sauti.”

“Mzee wangu, hii gemu naijua nje ndani. Labda unachanganya na nyingine.”

Sindano anasimulia sehemu hii akiwa ameinamia meza. Sauti ilikuwapo, aliitoa kwa mkono wake, na bado alisema haipo. Alikuwa ameshalisema neno hilo kwa wateja wengi mpaka likamtoka mdomoni bila kufikiri.

“Yule Mzee hakubisha. Akasema, ‘Huenda nachanganya.’ Akakigeuza kidude, akakitazama kioo. Halafu akasema, ‘Lakini hiyo taa ya mwisho niliichora mimi. Na anayesema pale ni mke wangu.’”

Anajifuta pua. “Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.”

Mzee Mchoraji, kama mtaa unavyomwita sasa, hakugomba. Aliomba kiti. Alimweleza kwamba yeye ndiye aliyechora kila nyumba, kila ngazi na kila paka aliyemo ndani ya mchezo. Taa zote zikiwashwa, dirisha moja lilitakiwa kufunguka na sauti ya mwanamke iulize, “Na ya kwetu je?” Hapo mchezaji anakumbuka nyumba yake mwenyewe, anarudi kuiwashia taa, na mchezo unaisha.

Sauti hiyo ilirekodiwa jikoni kwa Mzee. Walirudia mara kadhaa kwa sababu mkewe alikuwa akicheka. Mkewe alifariki mwaka juzi. Nakala za zamani za mchezo bado anazo kwenye sanduku, lakini hana tena mashine ya kuzisoma.

“Nilisikia kuna mtu ameirudisha gemu,” Mzee anamwambia mwandishi huyu, bila hasira yoyote. “Nikasema nitamsikia tena. Nikakuta filimbi.”

Kesho yake, baada ya Mzee kuja, Sindano alifunga duka. Akaenda kwa wakili ambaye yeye humtengenezea kompyuta zake, akamweleza yote.

Wakili alianza kwa kucheka, kisha akaacha. Alimweleza kwamba kampuni ikifungwa, mali zake hununuliwa na mwingine: meza, viti, na michezo pia. Mwasha Taa ulikuwa umenunuliwa pamoja na makorokoro mengine na kampuni inayochapisha vitabu vya shule.

Sindano akapiga simu huko. “Mpokea simu akaniambia, ‘Mama, sisi tunauza vitabu vya hesabu.’ Nikamwambia mna gemu yangu. Nikajisahihisha, nikasema mna gemu yenu ambayo mimi nimeiuza. Akaniuliza kama niko sawasawa.”

Alipopatikana mtu anayejua, ilijulikana pia kwamba Mzee Mchoraji hawezi kutoa ruhusa ya picha alizozichora yeye mwenyewe. Alikuwa mwajiriwa wakati huo, akasaini mkataba, na kazi ikawa ya kampuni. Lakini mkewe hakuwahi kuajiriwa. Hakusaini kitu na hakulipwa hata soda. Kwa maelezo ya wakili, sauti ile bado ni ya familia.

Yaani katika mchezo mzima, kitu pekee ambacho Mzee ana haki ya kukitoa ni kile kile ambacho Sindano alikitupa.

Kampuni ilimwandikia masharti. Aache kuuza mara moja. Akusanye vidude vyote anavyoweza kuvipata na kuufuta mchezo. Akimaliza, ndipo watalifikiria ombi lake la leseni, mradi alete idhini ya mwenye sauti. Idhini hiyo Mzee ameshaisaini. Sindano anasema alipopewa ile karatasi alishindwa kuipokea, ikabidi Mzee aiweke mezani.

Hadi wiki hii amekusanya vidude zaidi ya mia moja. Wateja wengine wanamrudishia kwa roho safi, wengine wanamsema. Mmoja alimtupia kidude mapajani. Wengi hawajulikani waliko.

“Kipato kimeshuka, hilo sikufichi,” anasema mumewe, akiwa amekuja kurekebisha rafu. “Lakini sasa mke wangu ameanza kuomba radhi hata kwa watu asiowakosea. Juzi amemwomba radhi muuza mkaa. Muuza mkaa akaogopa.”

Kuna radhi moja iliyokuwa ngumu kuliko zote. Sindano alivuka barabara kwenda kwa Chaja, safari hii akiangalia magari.

“Nikamweleza yote,” anasema. “Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, ‘Kwa hiyo mimi niliiba kwa mwizi?’ Nikasema ndiyo. Akasema nirudie kwa sauti, wateja hawajasikia.”

Alirudia?

“Nilirudia. Aliniita nikiwa nimeshafika mlangoni, akaninunulia chai. Ile chai haikushuka.”

Mzee Mchoraji hupita dukani karibu kila juma. Siku ile alipoomba kiti, Sindano alifungua kompyuta, akaitafuta sauti ya yule mama kwenye faili la zamani, akaihamishia kwenye simu ya Mzee. Hiyo haikuhitaji leseni ya mtu. Mzee alimshukuru mara mbili, na Sindano anasema bora angemzaba kofi.

Toleo jipya la mchezo liko tayari ndani ya kompyuta, halijatolewa na halitatolewa bila ruhusa. Ukurasa wa mwanzo umerudi na majina yote. Dirisha linafunguka. Mwandishi huyu alimuuliza amepata wapi nafasi ya kuirudisha sauti, wakati mwanzo aliitoa kwa sababu haikuenea.

Sindano anachomoa waya kwenye kidude alichomaliza kukifuta.

“Nilitoa chapa yangu,” anasema. “Jina langu, na zile nyota, na kale kamuziki. Vyote hivyo vilikuwa vizito kuliko sauti ya yule mama. Angeenea tangu siku ya kwanza. Ni mimi ndiye niliyekaa mahali pake.”

Mpango wake ni kulipa leseni kidogo kidogo kutokana na kutengeneza simu, iwapo kampuni itakubali, na kuwarudishia wateja mchezo uliokamilika bila kuwatoza tena. Wakikataa, anasema, ataufuta hata huu uliomo kwenye kompyuta. Anapolisema hilo anaitazama kompyuta, si mtu aliye mbele yake.

Mlango unafunguliwa. Mzee anaingia, anavuta kiti chake cha kawaida.

“Wamejibu?”

“Bado, Mzee.”

“Haya. Ila haya masikio yangu hayataki kungoja barua.” Anaitoa simu mfukoni. “Hapa namsikia, lakini anauliza peke yake. Hapa hakuna taa. Anauliza, halafu basi.”

Anaiweka simu mezani katikati ya stika za njano zilizokosa ndoo, anabonyeza kwa kidole cha shahada. Kinasikika kicheko kilichobanwa, kisha sauti ya mwanamke, ya karibu, kama yuko chumba cha pili:

“Na ya kwetu je?”

Feni inazunguka. Mzee amefumba macho, kiganja nyuma ya sikio.

“Inakuja, Mama,” anasema Sindano, bila kuinua uso, na anachukua kidude kingine kutoka kwenye boksi.