Pumzi Kwenye Simu ya Koko

Juzi nilikuwa kazini Bwizibwera, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nikinyanyua dumu lililojaa. Mzee mmoja aliyeleta maziwa yake akanitazama, akacheka. "Nyinyi watoto ya korona," akasema, "masomo nyinyi hapana soma. Miaka mbili nalala tu!" Nikalitua dumu mbele yake taratibu, bila kumwaga hata tone. Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe, kwa kuwa wewe utanisikiliza: hatukulala. Muulize yeyote aliyekuwa Juru siku zile kama watoto wa upande wetu walilala.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliishi Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, eneo la Juru, kwa koko. Ndivyo sisi wa Kivu ya Kusini, Kongo, tunavyomwita bibi. Mama alikuwa amekwama Mbarara mjini, alikokwenda kutafuta kazi kabla barabara hazijafungwa. Asubuhi tulipalilia maharage. Mchana koko alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mtwangio ukinyamaza tu, ulijua harufu ya mawese iko njiani. Sijala sombe ya namna ile tena, na wala usiniambie kuna mtu anaiweza.

Shule zilipofungwa, redio ilituletea hesabu na Kiingereza. Mazoezi ya mwili na afya hayakuletwa na mtu, maana hayamo kwenye mtihani. Lakini madamu wetu wa michezo, mke wa askari, alikuwa amefungiwa kwenye kambi ya jeshi Mbarara na watoto wake, na hakuwa mtu wa kukubali kufungiwa. Akatafuta namba za simu za wazazi mpaka akaipata ya koko. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, ile simu ya tochi ililia. Tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, sauti mpaka mwisho, nasi watoto sita tukasimama mbalimbali uani, kila mmoja na kidumu chake cha maji pembeni. Nyuma ya sauti ya madamu zilisikika buti za askari wakifanya gwaride. Tuliruka kwa kufuata buti hizo.

Siku ya kwanza alituamuru tukimbie mpaka bombani na kurudi. Labda huijui Juru. Watu wa Juru walifika Juru kwa kukimbia. Walipoona watoto sita wanapita mbio, hawakusubiri kuuliza. Jirani yetu alitupa jembe akamvuta mbuzi wake, mkewe akamfunga mtoto mgongoni. Tuliporudi tulimkuta koko mlangoni, mkono mmoja ana kifurushi cha karatasi zetu za ukimbizi, mwingine ana sufuria ya bugali wa moto.

"Biko wapi?" akauliza.

"Nani, koko?"

"Bale benye kubafukuza!"

Tukamwambia ni somo. Jioni Juru nzima ilicheka, wa kwanza jirani mwenye mbuzi. Koko hakucheka. "Huyu madamu yenu iko na kichwa?" alisema. "Chakula banatupa kidogo, munaenda kukimaliza mu barabara. Na wewe, mutoto mwanamuke akirukaruka mingi, kintu kinapasukaka mu tumbo." Kuhusu chakula alisema kweli, mgao ulikuwa umepunguzwa. Madamu aliposikia, aliweka sheria: aliyekula mara moja atembee, aliyekula mara mbili akimbie. Hakuna aliyetaka kutembea, hata wenye njaa.

Utauliza alijuaje nani amekimbia na nani amejificha kivulini. Alijua kwa pumzi. Ukitoka bombani ulikwenda moja kwa moja kwenye simu, ukahema, naye akasikiliza kimya. "Wewe nakimbia, sawa. Mwingine!" Tulijaribu kila hila, kuhema kwa mdomo, kujimwagia maji usoni kana kwamba simu ina macho. Alitukamata wote. "Mimi hapana ona wewe, lakini masikio iko. Rudi bomba!" Nakwambia, hakuna mwalimu aliyewahi kunisikiliza vile, hata wale waliokaa nami darasa moja.

Kisha, Jumatano moja, nikiwa shambani, niliona damu. Hakuna aliyekuwa amenieleza lolote. Nilikumbuka onyo la koko, nikajua basi, kile kitu kimepasuka, na nimekipasua mwenyewe kwa kuruka. Nililia usiku mzima nikiwa nimeuma shuka. Alhamisi wenzangu walipokimbia, mimi nilibaki nyuma ya jiko. Waliporudi nikajipenyeza kwenye foleni, nikahema haraka haraka kwenye simu.

"Hii pumzi hapana ya mbio," akasema madamu. "Hii ya kulia. Nani naumiza wewe?"

"Nimepasuka, madamu," nikamwambia, na nikamweleza pote panapotoka damu, nimesahau kabisa kwamba sauti iko mpaka mwisho. Wavulana watatu wakatazama chini. Mmoja akaanza kuondoka, madamu akasikia nyayo.

"Vijana nakaa! Nyinyi wote natoka kwa mama. Leo somo iko afya."

Akaeleza kila kitu, kwa kile Kiswahili chake cha kambini, bila kupunguza sauti. Damu inatoka wapi na kwa nini. Kitambaa kifuliwe, kianikwe juani, kisifichwe chini ya kitanda. Mwenye damu anakula, anasoma, anakimbia akitaka. Nilihisi kama mtu aliyesamehewa kosa.

Koko akatoka jikoni na mtwangio mkononi, akainyakua simu. "Madamu, unaharibia miye mutoto! Sasa imeisha. Amekuwa mwanamuke. Masomo ikifunguliwa, huyu hatarudia kule. Atabaki hapa, alime, angojee bwana."

Mpaka saa ile sikujua kwamba naipenda shule. Niliwaza nitazeeka pale pale uani, natwanga.

Madamu hakubishana. "Jajja," akauliza, akimwita bibi kwa Kiganda, "wewe naona damu ya kwanza wapi?"

Koko aliuegemeza mtwangio ukutani. "Mu njia," akasema. "Ile vita ya zamani. Balikuwa banachoma manyumba."

"Na wewe nafanya nini? Nakaa chini nangoja bwana?"

"Nikae? Bangeniua! Nilibeba mudogo wangu mu mugongo, nikakimbia."

"Siku ngapi?"

"Sijue. Mingi."

"Basi, jajja," akasema madamu. Zikabaki buti za askari tu. Koko aliiweka simu juu ya kinu, akarudi jikoni. Siku ile hatukula sombe.

Kesho yake alichana kitenge chake cha zamani vipande vipande, akavipinda kwa sindano, akanipa bila kunitazama. Jumanne simu ilipolia, alikuwa ameketi kizingitini. "Kimbia," akaniambia. "Miye nilikimbiaka na woga. Wewe kimbia bure tu."

Nilikimbia, jamani. Nilifika bombani nikapitiliza.

Shule zilipofunguliwa, sketi yangu ilikuwa juu ya magoti. Koko alinipeleka mwenyewe. Mwalimu aliyekuwa akiandikisha akanipima kwa macho, akasema huyu ameshakuwa mtu mzima, afadhali akae nyumbani akusaidie. Koko akaweka kidole kwenye daftari lake. "Andika," akasema, foleni nzima inasikia. "Huyu anatokaka damu, anakimbiaka, anasomaka. Byote bitatu. Andika." Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akaandika.

Sasa koko amelala kaburini Juru, na penye ua wetu wamepanda mahindi. Kinu kilipasuliwa kuni. Kikosi cha mume wa madamu kilihamishwa, na namba yake siku hizi anaipokea mwanamume asiyenijua. Sikuwahi kumwona tena. Kipindi cha michezo kililiwa na hesabu wiki ile ile tuliyorudi, eti kufidia muda uliopotea. Hilo linaniudhi mpaka leo na sitalizoea.

Katika wasichana watatu wa ua ule, ni mimi peke yangu niliyerudi darasani. Mmoja ana duka la mboga Misiera, huko huko Nakivale, na binti wa miaka mitatu. Alisimama nami uani siku ile ya afya, akasikia kila neno nililosikia mimi, lakini kwao hakuna mtu mzima aliyeulizwa lile swali la madamu. Nilipompitia mwezi uliopita, aliniomba nimsimulie tena koko alivyosema mbele ya daftari. Nikamsimulia. Hakucheka, alimtazama mwanawe aliyekuwa akichezea nyanya. Nikamwambia, siku ya kumwandikisha huyu, mtu akisitasita na kalamu yake, nipigie simu. Nitatoka Bwizibwera nije kusema yale maneno ya koko, yote, kwa sauti.