Chungu cha Maji Mbele ya Wakaguzi

Mwanangu, umesema wiki ijayo wanakuja watu kukagua kazi yenu, na mmeshapanga cha kuwaonyesha na cha kuficha. Basi ngoja nikwambie. Nakumbuka wakaguzi walipotujia sisi, hapa hapa Dodoma, miaka ile ya ruksa ya biashara, sabuni za kila rangi ndiyo kwanza zinarudi madukani.

Nilikuwa msichana bado. Shule nimeishia darasa la nne, lakini nafundisha chuoni. Usicheke! Chuo kilikuwa na masomo ya lugha na mila za watu wetu wa huku kati, Wagogo na Warangi. Mwalimu Ndahani, aliyeyaanzisha, alinichukua nifundishe yale yasiyo kitabuni: kusaga uwele kwenye jiwe, kubisha hodi na kuamkia nyumba ya watu, kutambua koo. Wanafunzi kumi na mmoja, na majina yao ninayo yote. Nikutajie wawili tu: Petro wa Kongwa, mdomo hausimami, na Sauda wa Busi, mpole, akiongea unamsogelea umsikie.

Masomo yale yalitaka kila mwanafunzi akakae kijijini mwezi mzima, kwenye kaya ya watu. Lakini miaka miwili hatukuwa na gari. Tulijifungia stoo ya chuo, mimi nasaga, wao wanatazama. Na wakubwa wengine walikuwa wanasema wazi kwamba zama hizi ni za biashara, nani asomee kusaga uwele? Ndipo wakatumwa wakaguzi wawili, waamue masomo yaendelee au yafungwe. Bwana Mkumbwa, mtu wa miwani, hacheki. Na Mama Kokushubila, Mhaya, daftari mkononi.

Siku hiyo nilivaa viatu. Petro akaniona.

"Lo, Profesa! Wanakagua masomo au miguu?"

"Nyamaza, shika jiwe lako."

Mama Kokushubila akaingia, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hapa mnakosa nini?"

"Hatukosi kitu, Mama."

"Wanafunzi vijijini wanakwenda?"

"Wanakwenda."

"Lini mara ya mwisho?"

"Hata juzi juzi."

Sauda akainamisha uso. Mama akaandika.

Unaniuliza kwa nini nilidanganya? Mimi sikuona kama ni uongo, mwanangu. Kwetu Haneti, mwaka wa njaa, mgeni akitokea mama yangu alibandika chungu cha maji matupu, akachochea moto, akafunika. Mgeni aone moshi, aende zake akijua nyumba hii inapika. Njaa yako humwambii mgeni. Nimelelewa hivyo. Basi na mimi nikafunika chungu.

Nikamfuata Mwalimu Ndahani nikiwa na furaha. "Mwalimu, nimekuheshimisha. Nimewaambia tunavyo vyote."

Hakunifokea. Alikaa chini kama mtu aliyechoka kutembea.

"Seche, mimi kwenye barua niliyowaandikia nimeomba gari na mwalimu wa pili. Wewe umewaambia tunavyo. Sasa wataandika kwamba tumepewa kila kitu, na bado wanafunzi wetu hawajui kuamkia nyumba. Wafunge masomo, si ndiyo? Mgeni wa kula mfiche njaa, hiyo adabu. Hawa hawakuja kula, binti. Walikuja kuangalia chungu."

Mwanangu, maneno yale yalinikaa kifuani mpaka asubuhi. Nikamchukua Sauda, tukaenda nyumba ya wageni. Tuliwakuta wanakunywa chai, mizigo iko mlangoni.

Nikasema yote, nimesimama, mikono nyuma.

Bwana Mkumbwa akaweka kikombe. "Jana umesema hivi, leo vile. Tushike lipi?"

Cheti sina, karatasi sina. Nilichokuwa nacho ni majina. Nikaanza kuyataja, mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, na kijiji alichopangiwa kila mmoja asifike, na mama wa kaya aliyekuwa amemwandalia ngozi ya kulalia. Nilipofika kwa Sauda, mwenyewe akadakia, na siku hiyo sauti yake ilisikika mpaka jikoni: "Mimi nilipangiwa Haneti, kwa mama yake huyu. Sijawahi hata kuuona mlango wake."

Mama Kokushubila akafungua daftari, akapiga mstari kwenye ukurasa wa jana. "Vuta kiti, mwanangu. Anza upya, polepole."

Masomo hayakufungwa. Gari likaja, mara moja kila muhula. Mwalimu wa pili hakuja, Ndahani akazeeka na kazi ya wawili, na hilo bado linaniuma, maana siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, na mimi niliitumia kufunika chungu. Lakini Sauda alikaa Haneti mwezi mzima, akarudi viganja vimejaa malengelenge, anajua kuamkia nyumba kuliko mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, wakija hao wa kwenu, wape maji, wape kiti, kisha funua. Waambie kinachokosekana kabla hawajauliza mara ya pili. Anayekuja kupima kazi yako ukimficha upungufu, unawanyima walio nyuma yako.

Mungu akupe chungu chenye kitu ndani. Na siku kikiwa na maji tu, akupe mkono wa kukifunua, na mbele yako aketi mtu kama Mama Kokushubila.